Darasa Ndani ya Eda

Mume wangu alizikwa Alkhamisi baada ya sala ya alasiri. Wiki ya pili yake, Jumatatu asubuhi, nilifungua darasa. Ninaliandika hili mwanzo kwa sababu ndilo lililozungumzwa mtaani, na nataka lisomwe kutoka kwangu.

Ninafundisha ushoni chumbani kwangu, ghorofani, katika nyumba ya Mji Mkongwe ambayo dirisha lake linatizama kichochoro chembamba. Chini ya dirisha kuna baraza ya wanywa kahawa. Nina vyerehani viwili vya kukanyaga kwa miguu, meza ndefu ya kukatia, na busati la waliokosa viti. Wanafunzi wangu wote ni wanawake: wasichana waliomaliza skuli, wake za watu, na bibi mmoja mwenye wajukuu. Wengi wanakaa Malindi na Mkunazini. Mmoja, msichana mwenye mkono mwepesi kuliko wote, hutoka Mangapwani. Ada wanayolipa ndiyo inayonilisha. Mume wangu aliugua muda mrefu, na muda wote huo chumba hiki ndicho kilichotia chakula jikoni na dawa kabatini.

Kabla sijafungua nilimpigia simu mwanamke anayesomesha dini wanawake wenzake, nikamwuliza habari za eda. Akanieleza ninayoyajua: mjane hukaa ndani ya nyumba yake miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, hachumbiwi.

"Na cherehani?" nikamwuliza.

"Cherehani kina nini?"

"Kufundisha kushona, nami nimo edani."

"Unawafuata wewe au wanakuja wao?"

"Wanakuja wao."

"Wanawake watupu?"

"Watupu."

"Basi fundisha, mwanangu. Usitoke tu."

Nilitosheka. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, hakutosheka. Mama huyu simsemi kwa ubaya. Tangu siku ya msiba alikuwa akija kila mchana na bakuli la chakula, akikaa kando yangu mpaka nile. Jumatatu ile alikuja na bakuli lake akafika nusu ya ngazi, akasikia vyerehani vikiunguruma, akasimama palepale. Mwanafunzi aliyekuwa akishuka kwenda kunawa ndiye aliyemwona ameegemea ukuta.

"Wifi," aliniambia alipoingia, hata salamu hakutoa. "Kaka yangu udongo haujamkauka, na wewe unakanyaga mashine?"

"Wifi, kaka yako alilala mchana na mashine hizi zikilia miaka yote. Zikinyamaza ndiyo akiamka."

"Sasa haamki. Mtaa utasema nini?"

"Mtaa huu wote umevaa nguo nilizozishona mimi. Acha useme umevaa."

Wanafunzi waliinamisha vichwa, lakini mabega ya bibi mwenye wajukuu niliyaona yakitikisika. Wifi aliliweka bakuli juu ya meza ya kukatia, katikati ya kitambaa cha mtu, akaondoka.

Ushahidi kwamba darasa linaniharibia eda aliupata wiki ileile, na waliompa ni wanafunzi wangu wenyewe, kwa mapenzi. Walichangiana kitambaa cha marekani, pamba nyeupe, ili wanishonee gauni la kukalia eda. Kazi ya kumalizia alipewa yule msichana wa Mangapwani. Darasani kwangu iko sheria ambayo kila anayeingia huisikia siku ya kwanza: gauni halitoki chumba hiki na shingo tupu. Lazima shingoni pawe na kazi ya mkono, hata kama ni mstari mmoja wa darizi, kwa sababu hapo ndipo mtu anapotizama kwanza. Msichana aliishika sheria yangu. Alizungusha mti mzima wa asumini kwenye shingo ya gauni la eda, maua na majani, kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe.

Nililiinua gauni kuelekea dirishani. Kazi ilikuwa safi, sijaona mwanafunzi wangu mwengine aliyewahi kufika pale. Na wakati huohuo wifi akaingia.

"Maua!" alisema. "Mjane avae maua?"

"Nyeupe kwa nyeupe, Bi," msichana akajibu kwa sauti ndogo. "Nilidhani si pambo."

"Pambo ni pambo. Mwalimu wako hakukufundisha?"

Hapo wifi alikuwa na haki, nami nilimpa. Nilikaa chini, nikachukua mkasi mdogo, nikaanza kufumua kwa ncha yake mbele ya wifi, ua moja baada ya jengine. Msichana alilia. Nikamwambia asogee karibu atizame, kwani kufumua bila kuchana kitambaa nako ni somo. Matundu ya sindano yalibaki. Gauni lile ukiliinua kwenye mwanga bado unauona mti wote. Nililivaa hivyohivyo.

Nilidhani limekwisha. Wifi alisubiri wanafunzi waondoke, akaviendea vyerehani, akaivua mikanda ya ngozi, ile inayounganisha gurudumu la chini na la juu, akaikunja na kuitia mkobani. Cherehani bila mkanda ni meza tu.

"Hii itakaa kwangu mpaka utoke eda," alisema. "Na ukitoka, utahamia kwangu. Chumba nimeshakisafisha. Utakula ninachokula. Ukitaka kushona, utawashonea watoto. Haya ya kuwapandisha watu ngazini yakome."

Hapo ndipo nilipojua tunagombania nini. Alikuwa ameshanipangia maisha, na kwa huruma. Ningekaa nyumbani kwake nikiitwa mke wa marehemu, nikiuliza kabla ya kununua sabuni. Na wanafunzi hawangeningoja hata mwezi mmoja. Wangetawanyika, na mwalimu wa umri wangu akishawapoteza hapati wengine.

"Sitahamia kwako, wifi," nikasema.

"Tutaona."

Asubuhi yake wanafunzi walipoviona vyerehani vimevuliwa, msichana wa Mangapwani alisimama. "Mwalimu, nikimbie Darajani nikanunue mikanda?"

"Kaa. Ukinunua, kesho atakuja kuichukua na hiyo. Tieni uzi kwenye sindano."

Tukaanza kushona kwa mkono. Niliwafundisha mambo ambayo mashine huwafanya watu wayapuuze: pindo ambalo mshono wake hauonekani upande wa nje, mkono wa gauni kukaa begani bila kutuna, na matundu ya vifungo, ambayo yanataka mishono iliyolala pamoja kama meno ya kitana. Kazi ile haitaki maneno. Ukizungumza, mshono unakwenda upande. Chumba kilichokuwa kikiunguruma mpaka mtaa wa pili kikawa kimya kabisa. Mmoja alikatazwa na mumewe asije tena; alisema anamlipia ada ajifunze mashine, si kushika sindano ambayo hata mama yake anaijua. Wengine wote walibaki, na bibi mwenye wajukuu akaja na dada yake.

Sasa fikiria unavyoonekana ukimya huo kutoka barazani. Kila asubuhi wanawake waliovaa mabuibui wanapanda kwa mjane, mmojammoja. Mlango unafungwa. Hakusikiki mashine, hakusikiki kicheko. Karibu na adhuhuri wanashuka, macho mekundu kwa kukaza kwenye sindano. Wanywa kahawa walijumlisha wanavyojua wao. Wakasema mjane ana ugomvi na wakweze, na anakusanya watu wasome halbadiri, kile kisomo cha kumwapiza mbaya wako.

Mimi sikuwa na habari. Habari aliileta wifi, akipanda ngazi haraka kuliko umri wake, hodi akiipigia ndani ya chumba.

"Mnamsomea nani?"

Tulinyanyua vichwa. Kila mmoja alikuwa na kipande cha kitambaa pajani.

"Kusoma nini, wifi?"

"Usinifanye mtoto! Sokoni nimekimbiwa leo. Muuza samaki kanambia, pole Bi, nasikia unasomewa. Mimi! Mimi ninayekuletea chakula!"

Bibi mwenye wajukuu aliinua kitambaa chake. "Tunasoma matundu ya vifungo, shoga yangu. Njoo utie na wewe moja, huenda dua ikapokelewa."

Chumba kilipasuka kwa kicheko. Hata msichana wa Mangapwani, ambaye tangu siku ya gauni alikuwa hamtizami wifi usoni, alificha mdomo kwa mtandio. Wifi alitupitia na macho, mmoja baada ya mwengine, kisha akafungua mkoba na kutoa mikanda yote miwili.

"Haya, ivisheni," alisema. "Kanyageni. Kichochoro kizima kisikie kuwa mnashona."

"Na mtaa utasema nini, wifi?"

"Useme mnashona!"

"Na chumba ulichonisafishia?"

Alitizama meza, vyerehani, busati lililojaa watu. "Nitamweka mpangaji," alisema.

Alikuwa amesimama dirishani, mkono umenyooka, mikanda inaning'inia. Wanafunzi wote walinitizama mimi. Wawili walishaanza kuinuka kuelekea kwenye vyerehani.

"Kaeni," nikawaambia. "Iweke mezani, wifi. Leo tunamalizia matundu."

"Mnamalizia kwa mkono? Nimeshakuletea!"

"Ndiyo, kwa mkono. Na ukibaki, kaa. Ukisimama hapo dirishani unatukingia mwanga, na watu wanatunga uzi."