Bi. Tak na Zamu ya Kusuguliwa

Jumatatu, tarehe 17 Aprili 2023, Tak Malsuk, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, aliondolewa titi la kushoto katika hospitali moja mjini Daegu. Mkono wake wa kulia, ambao umewasugua wanawake wa mji wa Andong kwa miaka ishirini na sita, haukuguswa.

Bi. Tak hutoa watu nongo katika hamamu ya wanawake. Kazi hiyo ina sare yake: sidiria nyeusi na chupi nyeusi, basi. Wateja, ambao wako uchi, hawaitazami. Lakini baada ya upasuaji sidiria yake ilijaa upande mmoja tu, na hamamu hakuikanyaga tena. Mwezi Oktoba mwenye hamamu akampigia simu: arudi Jumatatu ijayo, la sivyo meza yake ya kusugulia apewe mwanamke mmoja wa Yecheon.

"Yule hasugui," alisema Bi. Tak. "Yule anapaka losheni."

Hata hivyo hakusema kama atarudi. Alhamisi akapanda basi kwenda kambi ya msituni katika mlima Sobaek, siku nne kwa wanawake waliomaliza matibabu ya saratani ya titi. Jina lake aliliandikisha muuguzi wa hospitalini. Yeye alikubali kwa sababu chakula kilikuwa cha bure.

Asubuhi ya kwanza waliambiwa kila mtu achague mti wake, aukumbatie, afumbe macho na kuusikiliza. Bi. Tak aliusikiliza msonobari wake dakika nzima.

"Umekuambia nini, dada?" aliuliza mwalimu wa msitu, binti mpole aitwaye Pyo.

"Unawashwa. Haujasuguliwa tangu vita."

Bibi Ki Bunrye, mkulima wa vitunguu saumu kutoka Uiseong, umri wake miaka sabini na minane, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Tangu hapo wakawa wanakula meza moja na kubishana kimchi ya nani, ile kabichi ya kuchachusha, imezidi chumvi; hapo hapo Bi. Tak akamsimulia habari ya yule wa Yecheon.

Nyuma ya bweni kulikuwa na bafu la mbao lililozungushiwa ua, maji ya moto, miti juu. Ili watu wasione haya, waliingia mmoja mmoja kwa orodha. Bi. Tak hakuandika jina. Jumamosi alasiri akasikia sauti ya Bibi Ki ikivuka ua.

"We mwanangu wa Andong! Njoo, mkono wangu haufiki mgongoni!"

Akaingia na suruali yake, na fulana ya mikono mirefu, na kitambaa chake cha kijani cha kukwaruza, ambacho alikuwa amekipakia bila kujua kwa nini. Bibi Ki alikuwa kwenye kigoda, amempa mgongo.

"Bibi, hapa pana nongo ya mavuno mawili."

"Matatu. Punguza maneno, sugua."

Mkono wa upande uliopasuliwa hakuugusa, huo hausuguliwi usije ukavimba. Kwingine kote nongo ilitoka kama tambi. Alipomaliza akampiga makofi mawili mgongoni, kama afanyavyo kazini.

"Haya, zamu yako," alisema Bibi Ki. "Vua."

"Mimi fundi, bibi. Fundi hasuguliwi."

"Fundi yuko Andong. Hapa kuna migongo miwili, mmoja tayari."

Bi. Tak alitambua kosa lake. Mezani mteja husuguliwa akaenda zake. Lakini wanawake wawili wanaooga pamoja, hata kama hawajuani, hubadilishana migongo, na anayekataa amemwambia mwenzake kwamba mikono yake haifai.

"Bibi, upande mmoja hapa hakuna kitu."

"Na mimi je? Unadhani langu nimelisahau shambani?"

Fulana ikavuliwa. Bibi Ki alikikagua kifua kile kwa jicho la mtu anayenunua mbegu.

"Wewe wamekushona vizuri. Mimi walinishona kama gunia. Geuka."

Alisugua vibaya sana, kwa miduara, kama anayefuta meza. Bi. Tak alivumilia kadiri alivyoweza.

"Nyoosha kiganja, bibi. Toka chini, panda juu. Egemea."

"Unaoga au unafundisha?"

"Nafundisha. Ila yule wa Yecheon hata wewe unamshinda."

"Sasa mbona unampa meza?"

Mlango ukagongwa, mwanamke aliyefuata kwenye orodha alikuwa amesimama nje na taulo kifuani, akiomba radhi kwamba amewahi. Bibi Ki akanyoosha mkono kuichukua fulana ampe mwenziwe ajifunike. Bi. Tak hakuipokea.

"Ingia tu, mdogo wangu," alisema. "Kaa hapo. Mgongo wako umesuguliwa lini?"

Kabla ya chakula cha jioni alikuwa amesugua migongo mitano, kifua wazi, na kuilalamikia yote. Jumapili asubuhi akampigia simu mwenye hamamu.

Bi. Tak anaanza kazi kesho, saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mwezi wa kwanza atasugua hadi saa sita mchana tu.