Majani ya Uwanja wa Drenjak

Miladin alitunza uwanja wa Drenjak miaka thelathini na mmoja, na miaka yote hiyo timu haikuwahi kupanda daraja. Ilishuka tu, ikarudi, ikashuka tena. Msimu huu mambo yaligeuka. Vijana walimaliza tope la Novemba bila kufungwa, na Machi, theluji ilipoyeyuka, wakamtandika kinara wa ligi kwake. Kila asubuhi Miladin alipita dukani kusoma msimamo uliobandikwa mlangoni, kana kwamba ungebadilika usiku. Ikabaki mechi moja, nyumbani, dhidi ya Vrbovik. Sare tu ilitosha.

Ila iliangukia Jumapili ya Sikukuu ya Utatu. Siku hiyo sakafu ya kanisa hutandikwa majani mabichi, watu hupiga magoti juu yake na kusuka mashada, na tangu enzi za babu zao majani hayo hutoka uwanjani. Kwa hiyo Miladin huacha nyasi zirefuke wiki mbili, kisha huzifyeka zote alfajiri ya Jumamosi. Jumamosi hii mvua haikukatika. Alikata mzigo wa kanisa tu, akajiambia zilizobaki atazimaliza kesho. Kesho yake jua linawaka ndipo akili ikamrudia: siku ya Utatu hakuna mkono unaoshika fyekeo Drenjak. Marehemu mama yake siku hiyo hakugusa hata sindano.

Saa kumi jioni refa Spomenka, mwalimu wa hesabu kutoka mjini, aliweka mpira katikati, akarudi nyuma hatua kumi. Mpira haukuonekana.

"Mzee, huu ni uwanja au malisho?"

"Ni sikukuu, mama."

"Hata kwangu ni sikukuu. Nakupa nusu saa. Zikibaki hivi, naandika tatu bila kwa wageni."

Desimir, kocha wa Vrbovik, aliuliza kwa sauti kama wenyeji wanauza na maziwa. Upande wa wageni wakaangua kicheko. Upande wa pili watu mia tatu walitazama viatu vyao. Miladin alikwenda kibandani, akashika mpini wa fyekeo, akauachia kama umemuunguza. Akamfuata Padri Gavrilo, aliyesimama nyuma ya goli, skafu ya timu juu ya kanzu.

"Baba, nikifyeka ni dhambi. Nisipofyeka, nahama kijiji."

Padri akakuna ndevu. "Kesho si bado sikukuu?"

"Bado. Mpaka Jumanne."

"Na majani ya leo mmeyakanyaga yote. Kanisa linataka mapya, Miladin. Mengi. Kumkatia Mungu majani, hiyo nayo kazi?"

Miladin hakungoja aambiwe mara ya pili. Mafyekeo yakashuka kutoka kila zizi. Wazee wenye suti za kanisani wakajipanga mstari mmoja, bega kwa bega, nyasi zikilala mbele yao kwa mkupuo; wanawake wakazoa kwa reki, wachezaji wakabeba mafungu, njumu miguuni. Hata mashabiki kadhaa wa Vrbovik wakavua makoti, maana sikukuu ni yao pia, huku Desimir akiwafokea kwamba wanamfyekea adui. Spomenka alitembea nyuma yao, saa mkononi. Alipopuliza filimbi ulikuwa umebaki ukanda mmoja wa nyasi ndefu, upana wa mlango, mbele ya goli la kaskazini. Akasema panatosha.

Dakika ya themanini na tisa, bado bila bila, winga wa Vrbovik akachomoka. Akampiga chenga kipa Obrad, ambaye alikuwa amekula sikukuu katika nyumba nne kabla ya mechi, akausukuma mpira kwenye goli tupu. Miladin alikuwa hapohapo nyuma ya nyavu. Mpira ukabingirika, ukaingia ukandani, ukapunguza mwendo, ukazama. Ukasimama hatua moja kabla ya mstari. Obrad akauendea kwa magoti na mikono, akaulalia.

Desimir akaja mbio akilalamikia nyasi.

"Ungeshika fyekeo," Spomenka akamjibu, akaangalia saa yake.

Dakika nne baadaye Drenjak ilikuwa imepanda daraja, na Miladin, ambaye hakuwahi kuukanyaga uwanja kwa viatu vya kanisani, alikuwa katikati yake, amebebwa juu juu, kiatu kimoja hakijulikani kilipo.

Jumatatu kanisani majani yalifika vifundoni. Miladin alipiga magoti, mguu mmoja bado na soksi yenye tope, akatoa mfukoni konzi ya nyasi za ule ukanda, akaanza kusuka shada. Kila mtu alijua litatundikwa wapi: kwenye mwamba wa goli la kaskazini.