Mtoto Aliyekatazwa Kuitika

Siku ile tulikuwa watu sita. Nilikuwapo mimi, wa kwanza kuzaliwa kwetu, nikiwa na miaka kumi na minane. Alikuwapo ndugu yangu wa kiume wa miaka kumi na mitatu, na mdogo wetu wa kike wa miaka tisa. Alikuwapo rafiki wa marehemu mama, tuliyemwita mama mdogo ingawa hatukuwa damu moja. Na walikuwapo wanawe wawili, mvulana wa miaka kumi na mmoja na msichana wa miaka saba. Nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja aliisimulia siku ile kwa namna yake, na masimulizi yote yalikuwa ya kweli isipokuwa yangu.

Ulikuwa wakati wa vita vikuu vya pili vya dunia. Tulikaa Likoni, upande wa Timbwani, katika nyumba ya udongo aliyoiacha baba. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla hatujazoea kukaa bila baba. Nilitoka shule nikiwa darasa la nne, nikaanza kushona makuti na kuwauzia watu wa kuezeka. Wadogo zangu wakaendelea kusoma. Niliona jambo hilo limekwisha amuliwa, sikulifikiria tena.

Lakini baba mkubwa, aliyekuwa bara huko kwetu Rabai, hakuona hivyo. Alileta habari kwamba msichana hawezi kushika nyumba. Mvulana angekwenda kwake achunge mbuzi, mdogo wetu angepelekwa kwa shangazi, na mimi tayari nilikuwa nimetafutiwa mume. Nilikataa. Akaleta habari tena kwamba atamtuma mama mdogo aje atuone kwa macho yake, na atakalosema yeye ndilo litakalokuwa.

Mama mdogo alifika Ijumaa kutoka Rabai, akavuka na feri pamoja na wanawe, kikapu cha mahindi kichwani.

"Sitakuficha, mwanangu," aliniambia kabla hata hajaketi. "Nimetumwa. Mamako alikuwa rafiki yangu, lakini nikiona watoto hawatunzwi nitasema hawatunzwi."

"Sawa, mama mdogo."

"Usikasirike."

"Sikukasirika."

Alifunua vyungu. Aliangalia kucha za mdogo wetu. Alimpa ndugu yangu kitabu cha nyimbo cha kanisani, akamsikiliza akisoma, naye ndugu yangu akasoma kwa sauti ya juu kana kwamba yumo katika mtihani. Usiku nilimsikia mama mdogo akijigeuza kitandani mwa mama, na mimi mkekani sikupata usingizi.

Kesho yake wanawe walitaka kuiona bahari. Walikuwa hawajawahi kuiona ila kutoka juu ya feri, wameshikwa mikono. Nikasema tutakwenda mikokoni, upande wa Mtongwe, maji yakiwa yamekupwa. Huko watoto wangecheza, nasi tungetafuta kaa wa kitoweo. Nilikuwa na sababu yangu ambayo sikuitamka. Nilitaka mama mdogo aone kwamba tunajua kujitafutia, na kwamba watoto sita au kumi wakiwa mikononi mwangu hawapotei.

Tulitoka asubuhi. Mvulana wa mama mdogo alikuwa mwingi wa maneno, na ndugu yangu alifurahi kupata mtu wa kumtania.

"Maji haya nani aliyatia chumvi?" aliuliza yule mvulana baada ya kuonja.

"Nyinyi. Tangu jana mlipovuka."

"Na kaa anauma?"

"Haumi. Anashika tu, halafu hataki kuachia. Akikushika mpe shikamoo, atakuachia."

"Muongo wewe!"

"Jaribu basi. Na sikiliza, mtu wa bara. Huku ukisikia mtu amesema 'kaa', usikae. Kimbia!"

Hata mama mdogo alicheka. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa safari, akasema hataingia topeni. Akabaki nchi kavu na mdogo wetu, wakawasha moto wa kuchoma mihogo. Wavulana wawili walitangulia mbele na vijiti vya kulabu vya kutolea kaa mashimoni. Mimi nikamshika mkono yule msichana mdogo.

Alikuwa mtoto wa kuuliza. Kwa nini mizizi iko nje. Kwa nini matope yananuka. Huyu ndege jina lake nani. Kila mara alichomoa mkono wake mkononi mwangu na kwenda kuchungulia shimo. Nilimrudisha, akaenda tena. Nikaanza kuchoka, na pia kuona haya, maana mama yake angeweza kugeuka na kuona mtoto mmoja amenishinda.

Ndipo nilipomwambia maneno ya jirani yetu. Jirani huyo alikuwa bibi wa Kiislamu, mwenyeji wa Likoni wa zamani, na ndiye aliyenifunza kushona makuti. Siku moja alipokuwa akinituma kuni za mikoko aliniambia, "Ukiwa humo ukasikia waitwa jina lako, wallahi usiitike, mwanangu. Mngoje anayekuita akufikie, umwone uso." Mimi nilikuwa mtu wa kanisani na niliyachukua kama maneno ya wazee. Lakini yalikuwa maneno mazuri ya kumtisha mtoto, nami nikayaongeza chumvi.

"Humu ndani yumo anayeita watu," nilimwambia. "Hana sauti, anatafuta ya kuchukua. Ukitoka mkononi mwangu ukawa peke yako, atakuita. Ukisema abee, ushampa sauti yako."

Alisimama. "Ataniita kwa jina langu?"

"Kwa jina lako hasa."

"Na kama ni sauti ya mama?"

"Hiyo ndiyo anayoipenda kuliko zote," nikasema. "Ukisikia sauti ya mamako humu, nyamaza kabisa."

Akanishika mkono kwa mikono miwili. Hakuuliza tena. Nilifurahi kwamba nimeweza.

Haukupita muda, ndugu yangu akapiga ukelele kwamba amepata kaa mkubwa kama sahani. Nilimkalisha mtoto juu ya mzizi uliopinda, nikamwambia asiondoke, nikaenda. Nilipofika, yule kaa alikuwa ameshika shati la mvulana wa mama mdogo, naye anazunguka akilia na kucheka kwa pamoja, "Shikamoo! Shikamoo, bwana kaa!" Ndugu yangu alikuwa ameanguka topeni kwa kicheko. Nami nilicheka. Tangu mama afe sikuwa nimecheka hivyo, na sikutaka kicheko kile kiishe upesi. Tulimtoa kaa, tukamfunga miguu kwa ukindu, tukachimbua wa pili. Niliporudi, kwenye ule mzizi hapakuwa na mtu.

Nilimwita kwa jina lake. Nikamwita tena. Mwanzo niliita kwa ukali, kisha kwa kubembeleza. Wavulana walikuja wakaita nao. Maji yalikuwa yameanza kurudi. Yaliingia bila sauti katikati ya mizizi, na kila nilipotazama chini yalikuwa yamepanda kidogo. Mikoko yote ilifanana. Nyayo zake nilizifuata hatua chache, halafu maji yakazifuta.

Mama mdogo alitusikia. Aliingia topeni na miguu yake ile ile, kanga imemwanguka kiunoni, akiita jina la mwanawe mpaka sauti ikapasuka. Akiita, tunanyamaza sote kusikiliza. Hakuna. Anaita tena. Hakuna. Mwishoni alishika mti akasema polepole, si kwangu wala kwa mtu yeyote, "Amekwisha. Mwanangu ameshakufa maji."

Na mimi nikajua kwamba hakufa. Nilijua kama anayejua alipoweka kitu chake. Alikuwa karibu, anatusikia sote, na amenyamaza kwa sababu nilimwambia anyamaze. Kila mama yake alipoita ndivyo alivyozidi kufunga mdomo.

Ilinipasa kusema pale pale. Maneno yalikuwa machache: mama mdogo, mimi ndimi niliyemkataza kuitika. Lakini akilini nilimwona baba mkubwa, nikaona mbuzi zake, nikamwona mdogo wetu akichukuliwa pamoja na mkeka wake. Nikasema jambo jingine.

"Mama mdogo, huko nyumbani mnamwitaje?"

"Si nimemwita! Husikii?"

"Si hilo. Lile mlilomwita alipokuwa mchanga, wasilolijua watu."

Alinitazama kama mtu aliyeona nimerukwa na akili. Kisha akavuta pumzi, akaliita. Lilikuwa jina la Kirabai la kumchezea mtoto mchanga, sitaliandika hapa, maana ni lao. Aliliita mara moja tu.

"Mayo!"

Ilikuwa sauti ya mtoto, akimwita mama yake kwa Kirabai. Ilitoka ubavuni mwetu, hata hatua thelathini hazikutimia. Alikuwa amepanda kwenye panda la mkoko akaukumbatia mti, na maji yamemfika mapajani. Alipokuwa akipanda alikuwa amekanyaga chaza walioshika mzizini. Unyayo wake mmoja ulikuwa umechanika toka kidole mpaka kisigino.

Mama yake alimbeba mpaka nchi kavu akimbusu kichwani. Alipomweka chini, hofu ikageuka. Alivunja ufito.

"Ulikuwa ukinisikia?"

"Nilikusikia."

"Tangu mwanzo?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuitika? Mamako nakufa kwa kukuita, nawe umekaa kimya! Mbona hukuitika?"

Mtoto aligeuza uso. Alinitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira, alikuwa akingoja. Alidhani mimi mkubwa ndiye nitakayeeleza, kwa kuwa ni jambo langu. Nilikuwa nimesimama na matope mpaka magotini, kikapu cha kaa mkononi. Nikasema, "Mama mdogo, tumfunge mguu kwanza, damu inatoka."

"Nyamaza, mwanangu, wewe huujui ukaidi wa mtoto huyu," akasema, akampiga. Alimpiga ufito sita au saba miguuni. Mtoto alilia, lakini hakusema. Labda aliogopa yule anayeita. Labda alidhani nami nitapigwa. Sijapata kujua.

Tulirudi nyumbani. Kaa tuliwapika, na ni mdogo wetu peke yake aliyekula akashiba. Jumapili mama mdogo alifunga mzigo wake. Alinishika mabega mlangoni akasema, "Usingeuliza lile jina, leo ningekuwa nazika. Akili ile si ya msichana, ni ya mtu mzima. Nitamwambia baba yako mkubwa hivyo hivyo." Nikamwitikia asante, mama mdogo. Mwanawe alikuwa mgongoni mwake, mguu umefungwa kitambaa cha shuka letu.

Naye alisema kama alivyoahidi. Baba mkubwa alituacha tukae pamoja. Ndugu yangu alimaliza shule, akapata kazi ya ukarani Changamwe. Mdogo wetu akafika darasa ambalo mimi sikuliona. Tulikaa nyumba moja miaka yote ile, nami nikashona makuti, na watu wa Likoni wakawa wakinionyesha kwa binti zao: mtazameni yule.

Habari za upande wa pili zilikuja kwa barua, zilizoandikwa na yule mvulana wa mama mdogo. Mguu wa dada yake ulitunga usaha miezi mingi. Ulipona, lakini kidole kikubwa hakikunyooka tena, na anakanyaga kwa upande. Barua iliyofuata ilisema kwamba dada yake alikuwa aanze shule mwaka ule pamoja na wenzake, lakini mama amekataa. Nayakumbuka maneno yake: *Mama asema mtoto asiyemwitikia mama yake hatamwitikia mwalimu, heri karo nisomeshewe mimi.* Niliisoma barua ile nikiwa nimekaa juu ya rundo la makuti. Mimi nilitoka shule kwa hiari yangu, kwa ajili ya watu wangu. Yeye alitolewa kabla hajaingia, na ni kwa ajili ya watu wangu vilevile.

Vita vilipokwisha, na ndugu yangu akiwa tayari ana mshahara, sikuwa tena na cha kuogopa. Hakuna ambaye angeweza kututenganisha. Nikajiambia nitakwenda Rabai niseme. Nilikwenda. Njia nzima nilijifunza maneno yangu.

Walinipokea kwa shangwe. Mama mdogo alichinja kuku na kuita majirani, na kabla sijapumzika alikuwa ameshaanza kuwasimulia habari ya mikokoni: jinsi yeye alivyokata tamaa, jinsi mimi nilivyotulia nikauliza jina. Majirani walitikisa vichwa. "Na mkaidi mwenyewe ndiye huyo," akasema, akicheka, bila uchungu wowote, kama mtu atajavyo rangi ya ng'ombe wake.

Msichana alikuwa ameingia na birika na beseni. Alikuwa amekuwa mrefu. Aliinamisha magoti, akanipa shikamoo, akanimiminia maji polepole ili yasirukie kanga yangu. Kisha alikwenda kwa mgeni wa pili, nikausikia mguu wake sakafuni, mmoja mzito na mmoja mwepesi.

"Umenyamaza, mwanangu," akasema mama mdogo. "Una neno?"

Chumba kizima kilinigeukia. Msichana peke yake hakugeuka. Alikuwa ameinama, anammiminia maji mzee mmoja.

"Sina, mama mdogo," nikasema. "Nimekuja kuwajulia hali tu."

Nikala. Alasiri nikarudi Likoni. Mama mdogo yu hai bado, na bintiye yuko pale pale kwao, wala si safari ya siku nzima. Sijamlipa.