Siku Niliyosema Hatuna

Kabla ya homa nilikuwa mzima kabisa. Niko kidato cha pili, natembea kutoka mtaani kwetu Wabera mpaka shule bila kuhema, na darasani sisemi mpaka mwalimu aniite mara tatu. Haya naandika kwa sababu mdomoni hayatoki.

Ilianza likizo, kwa shangazi kule Gotu. Nilikunywa maziwa ya ngamia bila kuchemshwa, kama sisi wote. Niliporudi, joto lilipanda kila jioni na jasho likalowesha godoro. Nyonga iliuma hadi chooni mama alinishika nisianguke. Dawa za malaria nilimeza mara mbili, hazikufanya kitu.

Hospitalini daktari alinipima damu. "Ni homa ya maziwa yasiyochemshwa. Sindano kila siku, na alazwe."

Mwaka huu hospitali za serikali zilikuwa zimeanza kutoza ada. Karani alimwambia baba pesa zingine zinabaki hapa hapa, kutengeneza paa na madirisha. "Asiye na uwezo anasamehewa. Mzee, una uwezo?"

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Ng'ombe wetu walimalizwa na ukame, lakini baba hajawahi kulitamka. "Mimi si ombaomba," alisema. "Inuka, twende nyumbani."

Nilijaribu. Nyonga ilikataa. Nilijua nikiondoka bila sindano sitapona. Nikasikia sauti yangu: "Hatuna. Ng'ombe walikufa wote."

Baba alitazama chini. Mzee mmoja nyuma yetu akacheka. "Hata wangu walikufa! Nilikuwa nangoja mwingine atangulie kusema."

Karani akapiga muhuri wa msamaha kwenye karatasi yangu.

Dirisha la kitanda changu halikuwa na kioo, vumbi liliingia. Mama akaja na mkeka wa kuliziba. Nesi akauliza amepewa ruhusa na nani.

"Kwetu nyumba hujengwa na wanawake," mama alisema. "Sista, shika hapa nifunge kamba."

Nesi akashika.

Wiki ya tatu nilienda chooni peke yangu. Mama alisimama nje akilia na kucheka. Niliporudi kupimwa tena, dirisha lilikuwa na kioo. Karani hakudanganya.

Namshukuru Mungu, daktari na yule nesi. Wewe unayeumwa, usikate tamaa, homa hii inapona. Maliza sindano zote. Na ukiulizwa kama una uwezo, sema kweli, hata ukitetemeka.

Baada ya mimi kusema hatuna, baba alininunia siku mbili. Ya tatu alikuja wodini na chupa ya maziwa, akaketi kitandani.

"Kunywa," alisema. "Nimechemsha mwenyewe."