Daktari Aliyezungumza na Pazia

Siku Nasrin alipompelekea Adila khanga mara ya kwanza, pale Zinga, walivutana bei tangu adhuhuri mpaka adhana ya alasiri, na aliyelegea ni Nasrin. Toka hapo akamheshimu.

Basi alipomkuta katika mwezi wa pili wa eda ya mumewe, kavaa nyeupe, hajalala siku nne, akisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kesho haitamkuta hai, Nasrin hakupoteza wakati kulia. Alikwenda zahanati kumleta nesi Zuhura.

Zuhura alikuja na simu. Daktari wa akili alikuwa Dar, tayari kwenye video. Lakini mlangoni alisimama Shamsudin, shemeji yake Adila.

"Mwenye eda haonwi na mwanamume wa kando. Azungumze nyuma ya pazia."

Pazia likashushwa.

"Hujambo, mama?" daktari aliuliza.

"Sijambo."

"Unalala?"

"Alhamdulillahi, nalala."

Ndivyo alivyofunzwa kumjibu mgeni.

"Nesi," daktari alisema, "mimi naona maua ya pazia. Mazuri, lakini siwezi kuyatibu. Nataka kumwona mgonjwa."

Shamsudin akatikisa kichwa. Nasrin akamsogelea.

"Shemeji, dharura ina ruhusa yake, wewe unajua kuliko mimi. Akifia humu, watu watauliza nani alikuwa mlangoni."

"Unanitisha?"

"Nakupunguzia bei. Simu shika mwenyewe. Uso na mikono tu, dakika kumi."

"Tano."

"Kumi, shemeji."

Shamsudin akapokea simu. Pazia lilipoinuliwa, Adila aliona sura yake mwenyewe pembeni mwa video. Vioo vyote vya nyumba vilikuwa vimegeuzwa ukutani tangu mazishi.

"Bibi huyo nani?" akauliza.

Daktari aliuliza upya maswali yaleyale. Safari hii alijibiwa kweli.

"Asiachwe peke yake hata chooni," akaagiza. "Gari linakuja."

Adila alilazwa siku tisa, akalala usingizi. Kisha alirudishwa chumba kilekile kumalizia eda, na dawa zake, mlango ukiwa wazi usiku na mchana, kila apitaye akichungulia. Shamsudin alisemwa barazani kuwa amemtoa mjane kabla ya siku zake. Naye, ili aonekane bado ana kauli, akampiga Nasrin marufuku nyumbani. Nasrin akatafuta wateja Kaole. Adila yu hai, na khanga zake siku hizi huchaguliwa na Shamsudin.