Mfupa wa bega umekataa kushikana. Nipasuliwe ama ningoje?

Wakuu, hamjambo nyote. Mimi ni shosho yenu, nyanya mzee kutoka Mau Narok. Shule niliachia darasa la tatu, mkiona makosa mnivumilie. Lakini uongo hapa hakuna.

Nilianguka na debe la viazi mlangoni pa store, bega likalia ka!

Kijana wangu Joseph akatoka kwake Kaptembwo akanipeleka hospitali Nakuru. X-ray ikaonyesha ule mfupa wa hapa mbele, kati ya shingo na bega, collarbone, umekatika. Daktari Otieno akasema njia ni mbili. Nipasuliwe niwekewe chuma na screw, ama mkono ufungwe na sling, kile kitambaa cha kuning'inia shingoni, mfupa ushikane pole pole.

"Mama, wewe ndio utaamua."

Mimi? Maisha yangu yote daktari ndiye huniambia. Nikamuuliza, "Na ningekuwa mama yako?"

"Mama yangu angekataa zote mbili atoroke."

Tukacheka, lakini jibu hakunipa.

Kisha akauliza kama nyumbani kuna mtu wa kunifanyia kazi. Joseph ameketi hapo kando yangu. Sikutaka aaibike. Nikasema, "Kwangu kumejaa watu."

"Basi chukua sling, bora huo mkono upumzike."

Wakuu, kwangu ni mimi na ng'ombe anaitwa Rehema. Jirani yangu Mama Chebet alijaribu kumkamua, akapigwa teke, maziwa yote chini. Siku ya tisa nikatoa sling nikakamua na mikono miwili, nikairudisha. Ikawa hivyo kila asubuhi.

Sasa miezi mitatu imeisha na mfupa haujashikana. Daktari anasema afadhali chuma, ila naweza kungoja kidogo. Tena njia mbili!

Kinachonichanganya ni hiki. Ni kukamua kuliharibu, ama ungekataa tu? Beatrice wa kanisa letu alipumzika kabisa na wake ukakataa. Mzee Kiprono alilima na wake ukashikana, akabaki na nundu tu. Sielewi.

Nilichojifunza, mwambie daktari vile unaishi kweli. Mimi alinishauri kama mtu mwenye nyumba imejaa.

Narudi Jumanne na nitasema ukweli, Joseph akiwa hapo.

Wenye mmepitia hii, mlifanya aje? Andikeni kwa kifupi, nasoma pole pole.

Na Joseph, wewe ndiye ulinifungulia hii account, najua utaona. Usinipigie simu ukilia. Kuja tu, Rehema akuzoee.