Makopa Juu ya Mbao za Mawimbi

Mapema mwaka 2007, korosho zilipokwisha kuokotwa, Bi Mwamini alisafiri kutoka Ruponda hadi Paje, Unguja, kumrudisha nyumbani mwanawe Rahimu. Mumewe alikuwa amefariki, na mikorosho ilihitaji mwanamume. Hakuwa na wasiwasi. Alishalima akiwa na mimba ya Rahimu huyohuyo. Hakuona ni vipi safari ya mawimbi ingemshinda.

Rahimu aliwakodishia wageni mbao za kusimamia juu ya mawimbi. Mama alikaa barazani akiwatazama watu wazima waliolala mchangani tangu asubuhi.

"Hawa wanaumwa?"

"Wanapumzika, mama."

"Wamelima nini?"

Rahimu alicheka mpaka akakaa chini. Mji ule haukuwa na haraka. Hata bahari iliondoka ikaenda mbali, ikarudi kwa wakati wake, na hakuna aliyeiuliza ilikokuwa.

Mama akapanga lake. Kijana akila ugali wa makopa, ile mihogo mikavu ya kwao, moyo utamrudisha wenyewe. Akanunua mihogo, akaimenya, akaipasua, kisha akatafuta jabali la kuianikia kama afanyavyo kwao. Aliona mchanga mtupu. Lakini nyuma ya kibanda cha Rahimu palikuwa na mbao zimelazwa juani, pana, nyeupe, safi. Akaianika juu yake.

Wageni walipokuja kuchukua mbao zao, utomvu wa mihogo ulikuwa umeanza kuzigandia.

"Mama, hii ndiyo kazi yangu."

"Na hicho ndicho chakula chako."

Mama akasubiri amwone akiikung'uta mihogo mchangani. Rahimu alileta mkeka, akapiga magoti, akahamisha kipande kimoja baada ya kingine, upande uliopasuliwa ukitazama jua, kama alivyofundishwa utotoni. Mgeni mmoja akamhimiza kwa Kiingereza. Rahimu akamjibu bila kugeuka, na yule mgeni akachuchumaa, akaanza kumsaidia.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba bahari haiendi popote. Chakula cha mama kwanza."

"Bahari yenu inaenda, nimeiona."

Alimtazama mwanawe akifuta mbao kwa kitambaa chenye maji, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto. Hakuona tena sababu ya kumrudisha; ya nyumbani hakuyasahau.

"Shamba atalitazama mjomba wako Mbaruku," alisema. "Ila korosho zikianza kudondoka nikuone. Usipokuja, nitakuja kukuchukua mbele ya hawa wagonjwa wako."

"Nitakuja, mama."

"Najua utakuja," akasema, akaenda kufunga mizigo.